Picha ya Sekunde Sitini: Kisa cha Polaroid na Pasi za Makaburu, Kikisomwa Kutoka Kongwa

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Morogoro, ukifika Mbande unaiacha barabara kuu na kushika njia ya Kongwa na Mpwapwa. Watu wengi wanaijua Kongwa kwa ranchi na mnada wa ng'ombe. Wazee wanaikumbuka kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kwa matrekta na kelele nyingi, na kufikia 1951 umekwisha kufa kwa ukame, udongo mgumu na vyuma vilivyokatika. Mwaka 1964 eneo lililoachwa na mradi huo lilipata wageni wengine. Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika mahali pa kuweka kambi: Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC ya Afrika Kusini, na jirani zao FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe.

Waliotoka Afrika Kusini walikuwa wameikimbia nchi ambayo Mwafrika mwenye miaka 16 na kuendelea hakuruhusiwa kukanyaga barabara bila kitabu chenye picha yake. Uchambuzi huu unaihusu picha hiyo: ilipigwa kwa kifaa gani, kifaa kilifanyaje kazi, nani alikiuza, na kwa nini Polaroid, kampuni ya Marekani ya kamera na filamu iliyotangaza mwaka 1971 kwamba haitaiuzia tena serikali ya Makaburu, ilikutwa mwaka 1977 mlango bado uko wazi. Kamera yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Familia za Marekani zilipigia picha sikukuu za kuzaliwa kwa filamu ileile.

Kitabu

Vipande na vibali vya kazi vilikuwepo Afrika Kusini tangu zama za utumwa katika koloni la Rasi (Cape), lakini kitabu kinachozungumziwa hapa kilitokana na Sheria namba 67 ya 1952. Jina rasmi la sheria hiyo lilidai kuwa inafuta pasi. Kilichofutwa ni makaratasi mengi yaliyotawanyika, na yote yakashonwa kuwa kitabu kimoja ambacho watu walikiita dompas.

Ndani yake mlikuwa na picha, namba, kabila, alama za vidole zilizounganishwa na ofisi kuu ya kumbukumbu Pretoria, risiti za kodi, kibali cha kuwepo mjini, na ukurasa wa mwajiri. Ukurasa huo wa mwajiri ndio uliouma zaidi, kwa sababu bosi alipaswa kutia saini kila mwezi. Akisahau, au akikataa kwa hasira, mfanyakazi anakuwa mkosaji kuanzia siku hiyo bila yeye kufanya lolote. Mwafrika asiye na haki ya kuishi mjini aliruhusiwa kukaa saa 72 tu. Saa ya 73 ilikuwa kosa la jinai.

Polisi yeyote aliweza kukidai kitabu hicho mahali popote, usiku au mchana. Ukikosa, faini au jela. Katika miaka ya 1950 kulikuwa na utaratibu wa kumpa aliyekamatwa chaguo la kwenda kufanya kazi kwenye shamba la mkulima mzungu ili asishtakiwe, na katika wilaya kama Bethal watu hao walichapwa, walilala wamefungiwa, na wengine walikufa. Kuanzia 1916 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kesi za pasi zinahesabiwa kuwa zaidi ya milioni 17. Wazungu nao waliandikishwa na serikali, lakini hakuna mzungu aliyesimamishwa kona ya mtaa saa mbili usiku akaingizwa kwenye gari la polisi kwa sababu kitabu kimebaki kwenye koti jingine.

Wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi majengo ya serikali Pretoria tarehe 9 Agosti 1956 kuzikataa pasi. Tarehe 21 Machi 1960, kwa wito wa PAC, chama cha ukombozi cha Robert Sobukwe, watu wa Sharpeville waliviacha vitabu nyumbani na kwenda kituo cha polisi kujisalimisha wakamatwe. Polisi walifyatua risasi, wakaua watu 69, na wengi wao walipigwa mgongoni. Siku saba baadaye Nelson Mandela alichoma pasi yake hadharani.

Tarehe hizi zina uzito katika kisa hiki. Kamera ya vitambulisho ya Polaroid ilitoka mwaka 1966, yaani miaka 6 baada ya Sharpeville na 14 baada ya sheria. Anayesema kuwa kamera ilizaa pasi amekosea. Kamera ilikuta mfumo unaosimama kwa miguu yake, ikauondolea kero moja.

Kero iliyoondolewa

Huku kwetu, katika Tanganyika ya ukoloni, kipande cha kazi kilikuwa kadi isiyo na picha: kila siku ya kazi msimamizi anatia alama, mpaka zitimie siku 30 ndipo mshahara ulipwe. Kadi kama hiyo inaweza kubebwa na mtu mwingine. Kenya walijaribu kuziba mwanya huo kwa alama za vidole, na mtu akatembea na karatasi yake ndani ya kikopo cha bati shingoni. Ila alama ya kidole haisomeki kwa macho ya askari aliyesimama barabarani. Sura inasomeka. Ndiyo maana utawala unaotaka kumdhibiti mtu mtaani, sio ofisini, utahitaji picha.

Sasa fikiria namna picha ilivyopatikana kwa kamera ya kawaida ya wakati ule. Mpiga picha anaweka roli la filamu lenye picha 36 na kusubiri liishe. Anaingia chumba cha giza: dawa ya kusafishia, dawa ya kusimamisha, dawa ya kugandisha, maji ya kuoshea, kisha negativu ianikwe mpaka ikauke. Baada ya hapo kila picha inachapishwa kwenye karatasi na kupitishwa tena kwenye mabeseni yaleyale. Kwa haraka kabisa ni nusu siku, na kijijini kunakotegemea gari la maabara ni siku kadhaa. Wakati wote huo mwenye picha ameshaondoka. Lazima arudi, na asiporudi kuna picha isiyo na mtu. Na akikosea karani kupanga majina, picha ya mmoja inabandikwa kwenye kitabu cha mwingine, na hakuna atakayegundua mpaka siku mtu anapokamatwa.

Picha ya papo hapo inayafuta matatizo haya yote matatu kwa mkupuo. Hakuna kurudi, hakuna chumba cha giza, na karani anailinganisha picha na mtu angali amesimama mbele yake. Kwa mgodi unaopokea wafanyakazi kwa mamia, huo ni unafuu mkubwa sana.

Filamu ilivyofanya kazi

Mtambo wenyewe uliitwa ID-2. Ulikuwa na kamera yenye lenzi mbili, hivyo karatasi moja ilibeba picha mbili, pamoja na flashi, kikatio cha kadi na mashine ya laminesheni. Ulibebeka. Filamu yake ilikuwa ya pakiti, ile ya kubandua, karatasi 8 kwa kila pakiti.

Kila karatasi katika pakiti ni tabaka mbili na kifuko kidogo. Tabaka la kwanza ni negativu yenye chembe za madini ya fedha zinazoathiriwa na mwanga. La pili ni karatasi nyeupe ya kupokelea picha. Kifuko kimejazwa dawa nzito kama uji, yenye ukali wa kuunguza ngozi. Baada ya kupiga, mpiga picha anavuta kwanza ulimi mweupe, kisha ulimi wa njano. Mvuto huo wa pili unazipitisha tabaka zote mbili katikati ya rola mbili za chuma. Kifuko kinapasuka na dawa inasambaa kama utando mwembamba kati ya karatasi hizo. Hapo unahesabu: sekunde 15 hadi 30 kwa picha nyeusi na nyeupe, 60 kwa ya rangi katika joto la kawaida la chumba. Kisha unabandua, picha inabaki mkononi na negativu inatupwa.

Katika picha nyeusi na nyeupe, chembe zilizopigwa na mwanga zinabaki kwenye negativu. Zile ambazo hazikupata mwanga zinayeyuka, zinahama kupitia ule utando wa dawa, na kutua kwenye karatasi nyeupe kama fedha nyeusi. Kwa hiyo kitu kinachorudisha mwanga kidogo, chembe zake nyingi zinahama, na karatasi inakuwa nyeusi tii. Uso wa mtu mweusi kwenye chumba chenye mwanga hafifu hutoka kama kivuli chenye macho. Kwa filamu ya kawaida fundi anaweza kulirekebisha hilo chumbani kwa kuongeza au kupunguza muda wa kuchapa. Filamu ya papo hapo haina hatua hiyo. Ilichokamata ndicho utakachopata, na dawa pekee ni kuongeza mwanga kabla ya kupiga.

ID-2 ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Wasanii wawili, Adam Broomberg na Oliver Chanarin, waliifufua kamera hiyo miaka kumi na kitu iliyopita na kudai kwamba kitufe kiliwekwa mahsusi kwa ngozi nyeusi, inayonyonya mwanga zaidi kwa asilimia 42. Madai hayo yameenea sana, na mara nyingi ndiyo watu wanayoyajua peke yake kuhusu kisa hiki. Tunashauri yasifanywe nguzo. Kitufe cha kuongeza flashi kina matumizi mengine ya kawaida, na hata kama kisingekuwepo, uovu wa pasi usingepungua chochote. Jambo lililo hakika ni lile la kikemia: filamu hii ilimwadhibu mwenye ngozi nyeusi kwa kumfuta sura mwanga ukipungua, na mpiga picha aliyetaka sura isomeke na askari alilazimika kuongeza mwanga.

Makosa ya kazini yalikuwa yanajulikana. Ukivuta ulimi kwa kusitasita, picha inatoka na mistari ya kukata usoni. Ukivuta upande, dawa haifiki kona moja na kona hiyo inabaki tupu. Rola zikiwa na dawa iliyokauka, alama ileile inajirudia kwenye kila picha mpaka mtu azifute kwa kitambaa chenye maji. Baridi inachelewesha kila kitu, joto linaharakisha. Katika chumba chenye nyuzi 32 kama vile vya Dodoma mwezi Novemba, anayehesabu muda wa kwenye maelezo atabandua akiwa amechelewa. Kila kosa ni karatasi moja iliyotupwa. Hesabu hii ya karatasi zilizotupwa tutairudia, kwa sababu ndani yake ndimo ulipo ufunguo wa yaliyotokea baadaye.

Oktoba 1970

Makao makuu ya Polaroid yalikuwa Cambridge, Massachusetts. Caroline Hunter alikuwa mkemia pale, na Ken Williams mpiga picha. Wote ni Wamarekani weusi. Siku moja wakitoka kwenda kula mchana waliona kwenye ubao wa ofisi mfano wa kitambulisho chenye sura ya mfanyakazi mwenzao mweusi, na juu yake jina la idara ya madini ya Afrika Kusini. Walienda maktaba kusoma habari za nchi hiyo. Tarehe 5 Oktoba 1970 walibandika na kugawa vipeperushi kazini vikisema Polaroid inawafunga watu weusi kwa sekunde 60.

Waliunda umoja walioupa jina la Polaroid Revolutionary Workers Movement, na madai yao yalikuwa matatu: kampuni itoke Afrika Kusini moja kwa moja, itangaze msimamo wake dhidi ya ubaguzi huko huko Afrika Kusini na Marekani, na faida iliyopatikana nchini humo ipelekwe kwa vyama vya ukombozi. Dai la tatu linaufikia mkoa wa Dodoma moja kwa moja. Vyama hivyo ndivyo vilivyotambuliwa na Kamati ya Ukombozi ya OAU (umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo) iliyokuwa Dar es Salaam, na wapiganaji wake ndio waliokuwa wamepitia Kongwa.

Kampuni ilianza kwa kukana. Baadaye ikakiri kuwa filamu yake ilikuwa inatumika kwa picha za pasi, huku ikitenganisha mambo mawili: mtambo wa ID-2, na filamu ya kawaida ambayo wapiga picha waliinunua dukani na kuitumia wapendavyo. Tofauti hiyo kwenye karatasi ni ya kweli. Kwa aliyepigwa picha haikuwa na maana yoyote. Na biashara yenyewe ilikuwa ndogo. Afrika Kusini ilikuwa chini ya asilimia moja ya mauzo yote ya kampuni. Wakubwa walidhani udogo huo ni utetezi. Hunter na Williams waliuona kama sababu ya kuondoka, kwa kuwa gharama ya kuondoka ilikuwa ndogo vilevile. Hapa tunasimama na wafanyakazi, na tunasema hivyo waziwazi.

Tarehe 27 Oktoba walitangaza mgomo wa kutonunua bidhaa za Polaroid duniani kote. Williams aliacha kazi. Hunter alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi wa Afrika Kusini mapema Februari 1971, na mwezi huohuo akasimamishwa na kufukuzwa.

Jaribio la 1971

Kampuni haikukaa kimya, na ingekuwa dhuluma kusema haikufanya lolote. Ilituma watu wanne Afrika Kusini, weusi wawili na weupe wawili, waende kuona. Januari 1971 ikachapisha matangazo ya ukurasa mzima magazetini kueleza itakachofanya. Haitaondoka. Itaacha kuiuzia serikali ya Makaburu. Msambazaji wake, kampuni ya Johannesburg iitwayo Frank & Hirsch, atawapandishia wafanyakazi weusi mishahara na vyeo. Fedha zitatolewa kwa elimu ya Waafrika. Mishahara ilipanda kweli, na fedha za elimu zilitolewa.

Tukiukagua mpango huu kama mkaguzi wa stoo anavyokagua vitabu, tunakuta nyufa nne.

Ufa wa kwanza ni kwamba zuio liliwekwa kwenye jina la mnunuzi, sio kwenye matumizi. Serikali isinunue, lakini mwajiri, jeshi likipitia kwa wakala, au duka la dawa linalouza filamu, hawakuhesabiwa. Filamu ya pakiti iliingia kwenye kamera nyingi za nyumbani, kwa hiyo boksi la filamu ya pasi na boksi la filamu ya harusi ni boksi lilelile.

Wa pili: kamera zilizouzwa kabla ya 1971 hazikurudishwa. Kamera ikitunzwa inadumu miaka mingi, ikitaka filamu tu.

Wa tatu ni msambazaji. Frank & Hirsch ililipwa kwa kuuza, na hiyohiyo ndiyo iliyotakiwa kutoa taarifa kwamba haiuzi. Polaroid haikuwa na mtu wake stoo.

Wa nne, ambao ndio mkubwa, ni kwamba hakuna aliyehesabu karatasi. Chukua ofisi ya mfano inayotoa vitambulisho 200 kwa siku. Kwa karatasi 8 kwa pakiti, hizo ni pakiti 25. Ongeza karatasi moja inayoharibika kwa kila kumi zinazofaa, unafika karatasi 220, yaani pakiti 28. Kwa wiki ya siku tano ni pakiti 140. Mteja wa kawaida wa duka la dawa ananunua pakiti moja au mbili kwa ajili ya ubatizo au likizo. Duka linalohamisha pakiti 140 kwa wiki kwenda kwa mteja mmoja haliwezi kujificha kwa mtu anayesoma vitabu vya mauzo. Linajificha tu kama hakuna anayevisoma.

Hati ya mzigo

Indres Naidoo alikuwa mwanachama wa ANC na miongoni mwa watu wa mwanzo wa Umkhonto we Sizwe waliofungwa. Alitumikia miaka kumi Robben Island, kuanzia 1963 hadi 1973. Baada ya kutoka alipata kazi Frank & Hirsch. Akiwa ndani ya kampuni hiyo aliona bidhaa za Polaroid zikifungwa kwenye maboksi yasiyo na alama na kupelekwa kwenye idara za serikali, huku ankara ikiandikwa kwa jina la duka moja la dawa mjini Johannesburg. Vitabuni mauzo yalionekana ni ya duka. Mzigo wenyewe haukupita dukani.

Alipata nakala ya hati ya kupokelea mzigo. Mwaka 1977 alikwenda uhamishoni, na nakala hiyo ikafika Marekani kwa kamati iliyokuwa ikiunga mkono ukombozi wa Afrika. Novemba 1977 gazeti la Boston Globe liliichapisha habari hiyo. Polaroid ilifanya uchunguzi wake, ikathibitisha, na mwezi huohuo ikavunja mkataba na Frank & Hirsch. Ikawa kampuni kubwa ya kwanza ya Marekani kuondoka Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, miaka saba baada ya vipeperushi vya Hunter na Williams.

Ni vizuri kuona ni karatasi gani iliyoangusha mpango huo. Mkataba ulisema hawauzi, na hata ankara ilisema aliyenunua ni duka. Hati ya mzigo peke yake ndiyo iliyosema ukweli, kwa sababu dereva hawezi kupeleka boksi kwa anwani ya uongo. Asipoandikiwa mahali halisi, mzigo haufiki. Wenye uzoefu wa stoo wanalijua hilo: ukitaka kujua bidhaa ilikwenda wapi, anza na saini ya aliyeipokea, ndipo uende kwenye ankara.

Na aliyeileta karatasi hiyo alikuwa mfanyakazi wa chini, mfungwa wa zamani. Mpango wa 1971 ulikuwa na fedha za elimu na kamati za wakubwa, lakini haukuwa na mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kusema alichokiona bila kufukuzwa au kurudishwa jela. Alilazimika kuvuka mpaka kwanza.

Pasi zenyewe ziliendelea kudaiwa barabarani mpaka 1986, miaka tisa baada ya Polaroid kuondoka. Kama kamera haikuanzisha pasi, kuondoka kwake pia hakukuzimaliza. Wapo wanaolitumia hilo kusema mgomo ulikuwa bure. Hatukubaliani nao. Mgomo ulifanya kampuni nyingine za Marekani ziulizwe swali lilelile na wenye hisa, vyuo na makanisa katika miaka ya 1980, na ulionyesha kuwa swali linaweza kuulizwa na mtu anayejua hasa bidhaa inavyofanya kazi. Hunter alikuwa mkemia. Alichokuwa akikipinga alikielewa kwa undani.

Karatasi ya aina nyingine

Mwanzoni mwa 1962 Mandela alitoka Afrika Kusini kwa siri, bila pasipoti, akafika Tanganyika na kuonana na Mwalimu Nyerere. Serikali changa ya Tanganyika ilimpa karatasi fupi ikimtaja kwa jina lake na kueleza kuwa anaruhusiwa kutoka na kurudi. Kwa karatasi hiyo alizunguka nchi kadhaa za Afrika. Wapiganaji waliofuata njia ya Bechuanaland (Botswana ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) hadi Mbeya, na hatimaye Kongwa, walibadili majina yao wakiwa kambini, kwa sababu jina halisi lingeweza kuwaumiza ndugu waliobaki nyumbani. Baadhi yao walizikwa Kongwa.

Hii ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kusomwa Dodoma kuliko mahali pengine pengi. Mji huu leo ndio unaokaliwa na wizara na taasisi zinazoendesha mifumo ya utambuzi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20 inahitajika kwenye laini ya simu, akaunti ya benki na pasipoti. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisitumiwe nje ya lengo hilo. Hakuna anayelinganisha NIDA na dompas. Moja inaandikisha raia wote bila kujali rangi, nyingine iliwekwa ili rangi moja itawaliwe. Lakini vifaa vinafanana, na ukaguzi wake unafanana. Leo hakuna karatasi 8 kwenye pakiti, kuna kadi tupu na riboni za mashine ya kuchapa, na hesabu ni ileile: zilizotolewa, jumlisha zilizoharibika, jumlisha zilizobaki stoo, lazima zilingane na zilizopokelewa. Kadi iliyoharibika isipotunzwa kama ushahidi na kuharibiwa mbele ya mashahidi wawili, safu ya zilizoharibika inageuka mlango.

Kwa mwalimu wa Historia au Uraia anayetaka kukitumia kisa hiki darasani, Kongwa au kwingine, kuna zoezi linaloenda vizuri kwa vikundi vya watu watano. Kikundi kipewe aina nne za karatasi za mfano alizoandaa mwalimu: mkataba unaokataza kuuzia serikali, ankara za duka la dawa za miezi mitatu, orodha ya kamera zilizouzwa zamani, na hati za kupokelea mzigo. Hati mbili tu kati ya thelathini ziwe na anwani isiyolingana na ankara. Vikundi vipewe dakika 40 kutafuta mahali filamu inapovuja, vianze kwa hesabu ya pakiti, na visitajiwe jina la nchi wala la kampuni mpaka viwe vimeshaandika majibu yao. Kisha mwalimu awaoneshe picha ya dompas, asome kilichoandikwa kwenye ukurasa wa mwajiri, na kuwauliza wanafunzi nani katika familia zao angekamatwa mwezi huu kwa kukosa saini.